Heppenheim: Mji Uliochaguliwa Mara Mbili

Heppenheim ni mji mdogo wa jimbo la Hessen, kati ya Frankfurt na Heidelberg, chini ya vilima vya mizabibu. Waliberali wa Ujerumani waliufikia kwa sababu ya reli. Njia ya Main-Neckar ilipita hapa mwaka 1846, na tarehe 10 Oktoba 1847 wanasiasa 18 wakakutana katika hoteli ya Halber Mond, yaani Nusu Mwezi.

Ujerumani wakati huo ilikuwa rundo la falme na miji huru, ikiunganishwa na baraza la wajumbe wa watawala, ambalo hakuna mwananchi aliyelipigia kura. Waliokutana walikuwa watu wenye mali na elimu: Heinrich von Gagern wa Hessen, Friedrich Bassermann, mchapishaji wa vitabu wa Mannheim, David Hansemann, mfanyabiashara wa Aachen. Hawakutaka kuligusa baraza lile. Walipendekeza Umoja wa Forodha, uliokuwa tayari unakusanya ushuru kwa pamoja, upewe bunge lake. Hesabu ya kifanyabiashara hiyo: biashara itangulie, taifa lifuate.

Mwezi mmoja kabla, huko Offenburg, Friedrich Hecker na wanademokrasia wenzake wa msimamo mkali walikuwa wamedai kodi inayopanda kwa kadiri ya kipato, na wananchi wapewe silaha. Wa Heppenheim waliwaogopa wafalme, lakini umati waliuogopa vilevile, na kwa maoni yangu woga huo wa pili ndio uliowagharimu zaidi. Mapinduzi yalipolipuka 1848, Gagern aliongoza bunge la taifa lililokutana Frankfurt. Mwaka uliofuata bunge hilo likampa mfalme wa Prussia taji la Ujerumani. Akalikataa, na kila kitu kikaporomoka.

Kisha waliberali wakagawanyika. Kuanzia 1867 kundi moja lilikwenda na Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, jingine likabaki upinzani, na mpasuko huo ukadumu hadi Hitler alipofuta vyama vingine vyote.

Desemba 1948 mji ulichaguliwa tena, safari hii kwa makusudi, miaka 100 baada ya mapinduzi. Wajumbe wa kanda tatu za magharibi zilizotawaliwa na Washirika baada ya vita, na wa Berlin, walianzisha chama cha kiliberali cha FDP, kikiwa na matawi ya pande zote mbili za mpasuko. Mwenyekiti alikuwa Theodor Heuss, ambaye Septemba 1949 alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa Ujerumani Magharibi. Ugomvi haukuisha: tawi la Hessen, wenyeji wenyewe, lilikuwa miongoni mwa yaliyovuta kulia kwa nguvu.