Picha za Kale na Nyimbo Zake

Mzee wa usharika akioneshwa picha ya kwaya ya zamani, mara nyingi huukumbuka wimbo kabla ya kuzitambua nyuso. Huyu aliimba sauti ya tatu, yule ndiye aliyekuwa akianzisha, na siku yenyewe ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Majina hufuata baadaye, yakivutwa na wimbo. Kwa sababu hiyo haitoshi picha za jubilei kupangwa kwa kufuata miaka peke yake. Kila picha yapasa kuulizwa: hawa waliosimama hapa walikuwa wakiimba nini?

Kwa picha za mwanzo swali hilo ni gumu. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na katika miongo iliyofuata walipiga picha nyingi za Kilimanjaro, Meru na Upare. Zilitunzwa Ujerumani, na siku hizi nyingi zaweza kutazamwa kwa intaneti katika hifadhi ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California. Mara nyingi jina la mmisionari limeandikwa. Wakristo wenyeji wameitwa tu wanafunzi, au walimu, au waimbaji. Wamesimama wima, midomo wameifumba, kwa kuwa mpiga picha aliwataka watulie. Mtu asiyejua angedhani kwamba kundi hilo halikuwa na sauti. Kumbe walikuwa wamejifunza korali za Kijerumani kwa sauti nne, na kuziimba kwa lugha zao wenyewe.

Matarumbeta nayo yalitoka huko huko. Vyombo vya shaba vya makanisa ya Ujerumani vilikubalika Kilimanjaro kiasi kwamba leo arusi au mazishi bila matarumbeta huonekana kupungukiwa. Picha ya wapigaji ina faida moja kubwa: chombo alichoshika mtu hutaja nafasi yake katika wimbo. Mwenye besi kubwa begani hawezi kuchanganywa na mwenye sauti ya kwanza, hata kama uso wake umefifia kabisa.

Lakini kuna muziki ambao haumo katika picha za ibada za miaka hiyo. Wamisionari wengi walizikataa ngoma na nyimbo za jadi, wakizihesabu kuwa za kipagani, na wazazi waliobatizwa wakaacha kuwafundisha watoto wao. Hasara hiyo haijapimwa bado. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Uchagani kwa vipindi viwili kati ya mwaka 1902 na 1938, alikuwa na mtazamo mwingine. Aliandika mafundisho ya jando ya Wachaga, pamoja na nyimbo zake, katika vitabu vilivyotoka kati ya mwaka 1932 na 1938. Maneno yakahifadhiwa hivyo. Lakini neno lililo kwenye karatasi bila sauti ya aliyeliimba halitofautiani sana na picha ya mdomo uliofumbwa.

Badiliko lilionekana baada ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika kuundwa tarehe 19 Juni 1963. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa alitunga wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, unaoimbwa kwa mahadhi ya asili ya Tanzania. Howard Olson, mmisionari kutoka Marekani aliyefundisha Makumira, alizikusanya nyimbo za namna hiyo na kuzitafsiri kwa Kiingereza. Wimbo wa Kyamanywa ukavuka bahari: umo, namba 116, katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya kiinjili ya Ujerumani kilichoanza kutumika miaka ya 1990. Nchi iliyoleta korali sasa huimba Pasaka kwa wimbo uliotoka huku. Picha ya Pasaka iliyopigwa kabla ya mwaka 1966, basi, haiwezi kuandikiwa wimbo huo hata kama wanakwaya wa leo wanausikia masikioni wanapoitazama. Kosa hilo ni rahisi kutokea, maana kumbukumbu hupenda kuvisha siku za zamani nyimbo za baadaye.

Kisha zikaja kaseti. Hapo kwaya zenyewe ziliunganisha picha na wimbo: waimbaji katika sare mpya, mbele ya kanisa au bustani ya maua, na ndani ya jalada sauti zao. Hakuna hazina iliyo karibu zaidi na sharika zetu, wala iliyo katika hatari kubwa zaidi. Utepe hushikana kwa unyevu na vumbi, na redio za kuuchezesha zimekuwa adimu. Picha ya jaladani hubaki iking'aa wakati sauti imekwisha kufifia. Na nyuma ya jalada, mara nyingi, orodha ya nyimbo imechapwa kamili, lakini majina ya waimbaji hayapo.