Laini
Kwa mnunuzi wa Juru, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, laini ni kadi ya simu. Katika simu za intaneti ni nafasi ya mazungumzo ya wakati mmoja. Neno "nafasi" lingefaa zaidi. Ofisi ya Mbarara yaweza kuwa na namba moja na laini kumi: mpigaji wa kumi na moja hukosa nafasi, hata kama mezani kuna simu ishirini. Kikomo hutokana na mkataba au na intaneti yenyewe. Kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, kila simu hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kwa G.729, kama 31. Intaneti ya megabiti 1 kwa sekunde, ikitulia (haitulii kila siku), hubeba simu 11 za G.711.