Mafia Kati ya Kusi na Kaskazi: Mwongozo wa Mgeni kwa Miezi ya Septemba hadi Novemba

Mgeni anayetoka Ulaya au Amerika Kaskazini huiita miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba majira ya kupukutika kwa majani. Katika Kisiwa cha Mafia, mkoani Pwani, majani hayafuati kalenda hiyo. Kinachobadilika ni upepo. Kusi, ambayo huvuma tangu masika na kuichafua bahari ya nje, hulegea. Hufuata demani, kipindi cha bahari tulivu na hewa isiyo na joto kali. Kisha huingia vuli, mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na mwisho kaskazi huchukua nafasi. Takriban kila shughuli ambayo mgeni anaweza kuifanya kisiwani katika miezi hiyo hupangwa kwa upepo huo, kwa umri wa mwezi, na kwa maji kupwa na kujaa. Anayefika na ratiba ya saa na tarehe peke yake hukosa sehemu kubwa ya alichokifuata.

Wilaya ya Mafia ni funguvisiwa lililo mkabala na delta ya Mto Rufiji. Kisiwa kikubwa ndicho chenye mji wa Kilindoni, makao makuu ya wilaya. Upande wa kusini-mashariki, kando ya Ghuba ya Chole, viko visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo. Ukaribu wa delta hiyo unaonekana hata katika wanyama: viboko wachache wanaoishi katika mabwawa ya kisiwa kikubwa wanaaminika kuwa kizazi cha waliosombwa na mafuriko ya Rufiji. Safari ya ndege ndogo kutoka Dar es Salaam huchukua chini ya saa moja. Njia ya bahari huanzia Nyamisati, wilayani Kibiti, na kuishia gati la Kilindoni. Ni ya nafuu zaidi na ndiyo inayotumiwa na wananchi walio wengi, ila inamtaka msafiri aulize mapema saa ya kuondoka.

Kivutio kikuu cha msimu ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Hana madhara kwa binadamu; hula viumbe wadogo wa majini kwa kuogelea kinywa wazi na kuyachuja maji. Kuanzia Oktoba hadi Machi hukusanyika karibu na ufukwe wa magharibi, mbele ya Kilindoni, mahali ambapo uduvi na dagaa huwa wengi. Watafiti wamewatambua potwe zaidi ya 100 katika maji hayo kwa kutumia madoa ya ubavuni, ambayo hutofautiana kati ya mmoja na mwingine kama zinavyotofautiana alama za vidole vya watu. Wengi wao ni madume ambayo hayajapevuka. Iliaminika kwa muda mrefu kwamba baada ya Machi wanyama hao huhamia mbali. Utafiti uliotumia vifaa vya kunasa sauti chini ya maji, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015, ulionesha kuwa wengi hubaki jirani na Mafia mwaka mzima: wakati wa kusi husogea tu kwenye maji ya mbali zaidi na pwani na yenye kina, wasikoonekana.

Matokeo hayo yana uzito kwa mgeni na kwa mwenyeji. Samaki anayebaki mahali pamoja akisumbuliwa leo ni yuleyule atakayesumbuliwa kesho, na akiuawa hakuna kundi la wapita njia litakaloziba pengo lake. Aina hii iliwekwa mwaka 2016 katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Aidha, eneo la Kilindoni wanakokusanyika potwe liko nje ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Usalama wao wa kila siku kwa hiyo umo zaidi mikononi mwa wavuvi, manahodha na wageni wenyewe kuliko mikononi mwa askari wa doria.

Wavuvi na potwe hutafuta riziki yao mahali pamoja. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa na nyavu za kuzungushia. Mbalamwezi inapokuwa kamili taa hazifui dafu, na vyombo vingi hupumzika. Hutokea potwe akaingia ndani ya wavu akifuata chakula kilekile. Kumwachia humgharimu mvuvi muda na sehemu ya mavuno, na wakati mwingine wavu wenyewe. Fedha ya mgeni anayekuja kumtazama potwe ina maana pale tu inapomfikia pia mtu huyo, kupitia boti iliyokodiwa kijijini, kwa mwongozaji mzawa, au kwa chakula kilichonunuliwa Kilindoni badala ya kuletwa kutoka Dar es Salaam.

Utaratibu wa kuogelea na potwe ni mwepesi, na usipofuatwa mnyama huzama na kutoweka. Boti humsogelea taratibu kutoka ubavuni, kamwe si kwa kumkatia njia. Watu wachache huingia majini kwa zamu, bila kuruka kwa kishindo. Hashikwi, hapandwi, wala hamulikwi kwa taa ya kamera, na waogeleaji hukaa mbali na mkia wake. Nahodha anayemuahidi mgeni kwamba atamgusa potwe afaa kukataliwa hata kama bei yake ni ndogo. Ifahamike pia kwamba Oktoba ni mwanzo tu wa msimu. Aliye na siku mbili pekee mwezi huo anaweza kurudi bila kumwona, na nafasi huwa nzuri zaidi kuanzia Novemba.

Upande wa pili wa kisiwa, lango la Utende ndilo la kuingilia hifadhini. Hifadhi hiyo, ya kwanza ya bahari nchini, ilianzishwa mwaka 1995 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Si eneo lililohamishwa watu. Vijiji vimo ndani yake, uvuvi unaendelea katika kanda zilizoruhusiwa, na yapo maeneo ya kiini ambako hakuna anayeruhusiwa kuvua. Mgeni hulipa kiingilio na kupewa stakabadhi, ambayo ni vema kuitunza hadi siku ya kuondoka.

Wakati wa kusi wapiga mbizi hubaki ndani ya Ghuba ya Chole, iliyokingwa na visiwa. Demani inapotulia, miamba ya nje nayo hufikika. Matumbawe ya Mafia yaliathiriwa vibaya na joto la bahari la mwaka 1998, na mahali pengine kazi ya kupona bado inaonekana: matumbawe machanga yameota juu ya mifupa ya yaliyokufa. Si lazima mtu awe mpiga mbizi ili ayaone. Miwani ya majini inatosha katika maeneo yenye kina kifupi. Mwanzoni mwa kipindi hiki nyangumi wa nundu, waliokuja kuzaa katika maji ya joto, huwa bado wanapita wakirejea kusini. Vifaranga vya mwisho vya kasa hutoka mchangani katika fukwe za mashariki za Juani. Msimu wao ni Juni hadi Septemba, hivyo anayewataka kasa asingoje Oktoba. Vifaranga huachwa watembee wenyewe hadi majini, bila kubebwa na bila tochi.

Jambo ambalo wageni wengi hawalitarajii ni bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makubwa na maji madogo hupita mita 3. Ghuba iliyokuwa buluu asubuhi huwa uwanda wa mchanga na mwani ifikapo adhuhuri, na wanawake wa vijiji hutoka na vijiti kutafuta pweza katika mapango ya miamba. Kuwafuata kwa ruhusa yao ni somo lisilopatikana hotelini, mradi mgeni avae viatu, asikanyage matumbawe hai na ageuke pale wanapogeuka wao, kwa kuwa maji hurudi kwa kasi.

Chole ni kisiwa kidogo kinachozungukwa kwa miguu katika nusu siku. Kilikuwa makao ya utawala hadi Wajerumani walipohamia Kilindoni mwaka 1913. Kuta za majengo ya enzi hiyo zimeshikwa na mizizi ya miti mikubwa kiasi kwamba haijulikani kipi kinakibeba kingine. Jioni popo wa matunda, wa jamii inayopatikana Visiwa vya Komoro na hapa Mafia tu, huamka katika miti wanamolala mchana na kuvuka bahari kwenda kutafuta malisho. Watazamaji hutakiwa kunyamaza, maana kelele huwarusha kabla ya wakati na kuwachosha.

Juani ina magofu ya Kua, mji wa Waswahili uliokuwa na misikiti kadhaa na jumba la ghorofa, ambao uliangamizwa na wavamizi Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Wenyeji husimulia uhasama wa kale kati ya Kua na Kisimani: upande mmoja uliwalaza watoto wa wenzao kuwa magogo ya kushushia chombo baharini; upande wa pili ukangoja miaka, ukawaalika wenzao harusini na kuwafungia chini ya ardhi. Wanahistoria hawana njia ya kulithibitisha hilo, lakini hakuna anayetembea Kua bila kusimuliwa. Ziara huhitaji mwongozaji, na nahodha huangalia maji kabla ya kuahidi saa. Kigae cha chungu kilicho mchangani kiachwe kilipo. Mabaki hayo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ndani ya misikiti iliyobomoka bado watu huweka nadhiri, hivyo si mahali pa kupandia kuta kwa ajili ya picha.

Kwa upande wa sherehe, tarehe iliyo thabiti ni 14 Oktoba, Siku ya Mwalimu Nyerere, ambapo ofisi za umma hufungwa. Maulidi hufuata mwezi mwandamo na kila mwaka hurudi nyuma kwa takriban siku 11, kwa hiyo katika baadhi ya miaka huangukia Septemba na miaka mingine haimo kabisa katika kipindi hiki. Mgeni akikuta yanasomwa hukaribishwa, akiwa amevaa mavazi ya heshima na ameomba ruhusa kabla ya kupiga picha. Kwa siku za kawaida, mnada wa samaki wa Kilindoni, uvunaji wa korosho unaopamba moto wakati wa vuli, na mafundi wa Jibondo wanaounda mashua bila mchoro wa karatasi, vinatosha kuwa tamasha. Jibondo, kisiwa cha mawe kisicho na maji baridi ya kutosha, kwa muda mrefu kililetewa maji kwa vyombo. Mgeni abebe ya kunywa yake, na chupa arudi nayo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni, 2019.

Mvua za vuli aghalabu hunyesha kwa manyunyu mafupi, ila ipo miaka ambayo huzidi kiasi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za vuli kabla ya msimu kuanza, pamoja na utabiri wa kila siku wa upepo na mawimbi. Utabiri huo usomwe kabla ya kupanda chombo chochote kidogo, na jaketi okozi livaliwe tangu kuondoka ufukweni badala ya kukaliwa kama mto. Wingu jeusi la ghafla likitanda juu ya Mkondo wa Mafia, nahodha akisema safari imeahirishwa, hakuna malipo ya ziada yanayopaswa kubadili uamuzi wake. Ni vema kubakiza angalau siku moja tupu kabla ya ndege ya kurudi nyumbani.