Jinsi Wachimbaji wa Musonoi Walivyoishinda Hofu ya Kunena

Wapo watu wengi wadhanio kwamba hofu ya kusema mbele ya hadhara ni ila ya tabia, ambayo mtu huzaliwa nayo kama azaliwavyo na kimo chake; walakini historia ya makambi ya machimbo ya shaba kandokando ya Kolwezi, katika Katanga ya Congo, yatufundisha kwamba hofu hiyo aghalabu hupandwa na watu, na kwamba kilichopandwa na watu chaweza kung'olewa na watu.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na nchi za Waluba na Walunda, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ikawaruhusu kukaa na wake zao na watoto katika makambi yaliyopangwa safu kwa safu, wakipata nyumba, posho na matibabu, na kusimamiwa katika kila jambo. Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya kazi. Lakini kazini kilishuka kutoka kwa Mzungu na kapita wake, yaani msimamizi wa wafanyakazi, hata kumfikia mchimbaji, kikibeba amri na karipio, wala hakuna aliyengoja kutoka kwake jibu lililozidi kukubali. Aliyethubutu kupaza sauti aliyaona malipo yake: mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma mjini Elisabethville wakidai nyongeza ya mshahara, askari waliwafyatulia risasi, na karani Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao, akawa miongoni mwa waliouawa. Baada ya habari kama hizo, ulimi wa mtu waweza kuwa mzito hata kama moyo wake ni shujaa.

Mwaka 1953 alifika katika kambi ya Musonoi, karibu na Kolwezi, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, ambaye miaka minane kabla ya hapo kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilikuwa kimemletea sifa kwa baadhi ya watu na lawama kwa wengine. Hapo kwanza alikuwa amehubiri kwa desturi ya wamisionari wa zama zake, yeye akisema na watu wakisikiliza; kisha akaugeuza utaratibu huo, akawauliza watu wenyewe ni kitu gani wakitamanicho kuliko vyote katika dhati ya nafsi zao. Majibu yao yalikusanyika katika mambo matatu, uzima, uzazi na mapendo, na juu ya hayo ikasimama Jamaa, umoja wa wakristo waliooana, walioitana baba na mama.

Tazama sasa jinsi hofu ilivyopunguzwa nguvu hatua kwa hatua. Mume na mke walifundishwa pamoja, na baba na mama waliowatangulia, mbele ya watu wachache waliojuana. Waliulizwa swali, nao walipojibu, jibu lao lilipokewa kwa taadhima. Mada ilikuwa maisha yao wenyewe, ndoa yao, watoto wao na mawazo ya mioyo yao, elimu ambayo hapana msimamizi wala padri aliyeweza kujidai kuwapita. Maneno yale yale yalirudiwa katika mafundisho mengi, hata yakawakaa ulimini. Na siku yao ilipowadia, wao nao waliwafundisha wengine. Mama, ambaye kwa kampuni alikuwa mke wa mfanyakazi tu, alipata hapo kauli yake mbele ya wanaume na wanawake.

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefanya utafiti Katanga katika miaka ya 1966 na 1967, alizirekodi sauti hizo, na katika mafundisho aliyoyahifadhi twawasikia watu wa kazi ya mikono, kwa Kiswahili cha kwao, wakijenga hoja ndefu juu ya ubinadamu pasipo kubabaika. Tempels alikuwa ameondoka Congo mwaka 1962 asirudi tena, akafariki mwaka 1977. Maaskofu wakayatilia shaka baadhi ya mafundisho ya Jamaa na kuyawekea mipaka. Hukumu ya dini si kazi yangu hapa; ninalolishuhudia ni kwamba watu waliozoeshwa kunyamaza walijifunza kunena, na waliofundishwa kunena hawakungoja tena padri awasemee.

Kolwezi leo ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba, na wako vijana wake wengi ambao moyo huwadunda wanapotakiwa kusimama darasani, kanisani au katika mkutano wa wafanyakazi. Basi enyi walimu, wazazi na viongozi, msiwaamuru vijana hao kuwa hodari: waulizeni jambo walijualo, wapeni wasikilizaji wachache wenye adabu, na mwacheni kila mmoja aimalize kauli yake kabla hamjamsahihisha.