KABLA HUJAUZA KIWANJA: HATA KENYATTA ALIBEBA BOKSI (Sehemu ya 3)



Juzi jioni jirani yangu hapa Buhongwa alikuja nimpime presha. Ilikuwa juu. Dawa anameza vizuri, ila usingizi hapati. Kijana wake anasoma Uingereza. Waliuza kiwanja wakalipa ada ya mwaka wa kwanza, mpango ukawa ya mwaka wa pili ajilipie mwenyewe kwa kufanya kazi huko huko. Miezi sita sasa kazi hajapata, na simu zake zimekuwa fupi. "Amenisahau," mama akasema.

Nikamsimulia habari za Kenyatta. Na wewe kaa nikusimulie.

Jomo Kenyatta aliondoka Kenya mara ya pili mwaka 1931 kwenda Uingereza, ametumwa na chama cha Wakikuyu kudai ardhi yao. Nyumbani alimwacha mkewe Grace Wahu na watoto wawili, Peter Muigai na Margaret. Margaret alikuwa na miaka mitatu tu.

Kule alisoma Birmingham, akaenda Moscow, kisha akarudi London. Kusoma kulikuwepo, pesa ndiyo haikuwepo. Akapata kibarua chuo kikuu cha London: kazi yake ilikuwa kuongea Kikikuyu ili wataalamu wa lugha wasikilize matamshi. Mwaka 1934 akaigiza kwenye filamu ya "Sanders of the River", yeye na Waafrika wengine wengi waliokuwa wanatafuta chochote. Filamu ile iliusifia ukoloni, ule ule aliokwenda kuupinga! Lakini kodi ya chumba haisubiri siasa.

Akasoma elimu ya jamii na mila pale London School of Economics, na mwaka 1938 akatoa kitabu kuhusu Wakikuyu. Vita vilipoanza, msomi huyu mwenye kitabu chake akaenda kulima kama kibarua kwenye shamba la watu huko Sussex. Mwaka 1942 akamwoa mwalimu wa Kiingereza, wakapata mtoto.

Alirudi Kenya Septemba 1946. Yule Margaret wa miaka mitatu alikuwa binti wa miaka 18. Miaka yote hiyo waliyekuwa naye ni mama yao Wahu. Kenyatta akaja kuwa rais, Margaret naye akawa meya wa Nairobi mwaka 1970. Sisi tunakumbuka vyeo tu. Ile miaka 15 katikati hatuiulizi.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Leo mwanafunzi wa shahada mwenye viza ya Uingereza haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kujiajiri haruhusiwi kabisa. Akizidisha anaweza kupoteza viza. Kabla ya kumpa viza wanataka kuona pesa ya ada na ya kuishi ipo tayari. Hawahesabu mshahara ambao hajaupata. Sasa kama wenyewe hawauhesabu, sisi tunauhesabu kwa nini?

Kwa hiyo mama, kabla ya kuuza kiwanja, kaeni chini mpige hesabu ya ada yote mpaka amalize, chumba na chakula, kama vile hatapata kazi hata siku moja. Ikitosha, aende. Isipotosha, tafuteni kwanza ufadhili, au asome hapa kwetu. Kazi akiipata, hiyo iwe nyongeza.

Na kama mwanao ameshaenda, usianze simu na "mbona hutumi?" Anza na "umekula?" Mtoto anayeona aibu hukata simu mapema, na ukimya wake si lazima uwe kiburi.

Jirani yangu alipiga simu akiwa amekaa hapo kibarazani kwangu. Akauliza, "Umekula baba?" Kimya. Halafu nikasikia mtu mzima analia upande wa pili. Waliongea karibu saa nzima. Kazi bado hajapata, na ada ya mwaka wa pili bado ni mlima, ila sasa wanaupanga pamoja.

Presha tutapima tena Jumamosi.

Sehemu ya 4 nitaeleza maisha ya Mama Wahu na wanawe nyumbani. Mtumie mwenzio mwenye kiwanja sokoni.