Kibao kimoja, majina mawili: sol diezi na la bemoli

Mwalimu mmoja wa kwaya huku Wamaza aliniletea karatasi ya wimbo mpya, iliyochapwa kwa kompyuta. Wimbo ulikuwa wa la minore. Pahali sauti inapopanda kuelekea la, mashine iliandika la bemoli, kisha la yenye bekari. Waimbaji wa besi walikwama. Mwalimu akauliza: «Padri, kwenye kinanda ni kibao kimoja. Kosa liko wapi?» Swali lake ni zuri, na jibu lake ni la historia.

Guido wa Arezzo, mmonaki wa karne ya 11, ndiye aliyetupa majina ut, re, mi, fa, sol, la. Wakati ule sauti moja tu ilikuwa na namna mbili, ile tunayoiita si. Waliiandika kwa herufi b: b ya mviringo kwa sauti ya chini, b ya pembe nne kwa sauti ya juu. Ya mviringo ikazaa bemoli. Ya pembe nne ikazaa bekari na diezi. Wimbo wa Kigregori ungali hivyo, haushushi sauti nyingine ila si. Wimbo ulipotaka nusu-sauti pahali pengine, waliweza kuuandika wote juu au chini zaidi, ili nusu hiyo iangukie kwenye si. Basi tangu kale mwandishi alipaswa kuchagua.

Kisha zikaja nyimbo za sauti nyingi, na vinanda vyenye vibao vyeusi. Chukueni do na mi zinazopatana kabisa. Pandeni hatua ileile kutoka mi, mtafika sol diezi. Pandeni tena vilevile: hamtafika do ya juu, mtabaki chini yake kidogo. Kumbe la bemoli inayopatana vema na do ile iko juu kuliko sol diezi. Kwa sababu hiyo, katika karne ya 15 na ya 16, mafundi wengine wa Italia walikipasua kibao cheusi vipande viwili, kila sauti na chake. Baadaye watu walikubali kugawanya oktava kwa nusu 12 zilizo sawa, na kibao kikawa kimoja. Lakini majina mawili hayakufa, kwa maana jina linaonyesha njia ya wimbo.

Mwaka wa 1983 watengenezaji wa vyombo vya umeme walipatana juu ya lugha moja ya mashine, iitwayo MIDI. Humo kila kibao kina namba: do ya katikati ni 60, na kibao chetu ni 68. Namba haina diezi wala bemoli. Ukipiga kinanda kilichounganishwa na kompyuta, programu inapokea 68, kisha inakisia jina. Mara nyingine inakosa, kwani haijui wimbo unakwenda wapi.

Wewe unajua. Sauti ikipanda kwenda la, andika sol diezi. Ikishuka kwenda sol, andika la bemoli. Kama sauti zinaimbwa pamoja, fwata jamaa yake: mi, sol diezi, si, au fa, la bemoli, do. Katika programu ya MuseScore, chagua noti na kubonyeza J, nayo hubadili jina.

Basi kosa liko wapi? Mpiga kinanda hatalisikia. Lakini tangu Konstitusio juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, nyimbo za lugha zetu zimeongezeka, na katika vijiji vingi vya Kasongo na Kabambare zinafundishwa bila kinanda. Mwimbaji anahesabu hatua kwa macho. Karatasi ikimwonyesha la pahali pa sol, anapotea, naye anajilaumu mwenyewe, hali kosa ni la mwandishi. Tuliirudisha sol diezi kwa kalamu. Jumapili ile besi waliimba bila kukwama.