Hofu Isiyotajwa Kikaoni: Mamlaka za Mitaa na Antena za Simu nchini Marekani

Sheria ya Mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996 iliwaachia madiwani uamuzi wa mahali pa kusimamisha mnara wa simu, lakini ikawaondolea sababu ambayo wakazi wengi huja nayo kikaoni. Kifungu cha 704 kinaziruhusu halmashauri kusimamia ujenzi na mahali pa mitambo ya mawasiliano yasiyotumia waya. Hata hivyo, kinazikataza kunyima kibali kwa kigezo cha athari za mawimbi ya redio, maadamu mtambo unatimiza viwango vya Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, chombo kinachosimamia redio, televisheni na simu kwa nchi nzima. Makala haya yanashikilia kwamba kasoro ya mpango huo haiko katika kuzinyima halmashauri uwezo wa kujiwekea viwango vya mionzi, bali katika kumnyima mkazi mahali pa kupeleka hofu yake na kupewa jibu lililopimwa.

Kwamba viwango viwe vya taifa zima ni jambo lenye mantiki. Mji mdogo hauna mwanafizikia katika ofisi ya mipango miji, na mtandao wa simu hauwezi kubadilisha nguvu zake kila unapovuka mpaka wa halmashauri. Isitoshe, nguvu ya mawimbi hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali, kwa hiyo simu iliyobanwa sikioni kwa kawaida humfikishia mtumiaji mawimbi mengi kuliko antena iliyo juu ya jengo la jirani, na antena ikisogezwa mbali simu hiyo hulazimika kuongeza nguvu ili isikike.

Ugumu uko kwingine, nao unaonekana vizuri katika kesi ya mji wa Roswell, jimboni Georgia. Mwaka 2010 kampuni ya T-Mobile South iliomba kujenga mnara wa futi 108, yaani takriban mita 33, kwenye kiwanja kitupu katika eneo la makazi, ikakusudia kuupa umbo la msonobari wa bandia. Baada ya kikao cha hadhara cha takriban saa 2, madiwani waliukataa kwa kauli moja: walisema mnara haukuendana na mandhari ya mtaa, na mmoja wao akataja hata kukosekana kwa jenereta ya dharura. Barua ya kukataa ilitoka siku 2 baadaye bila kueleza sababu, na muhtasari kamili wa kikao ukachapishwa siku 26 baada ya barua, ilhali sheria inaipa kampuni siku 30 tu za kwenda mahakamani. Mwezi Januari 2015 Mahakama ya Juu, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Sonia Sotomayor, iliamua kwamba sababu zinaweza kuwekwa katika hati nyingine kama muhtasari, mradi itolewe karibu wakati ule ule na barua, mji ukashindwa.

Hukumu hiyo ni ya haki kwa kampuni, lakini mazingira yake yanafundisha zaidi ya ilichoamua. Pale ambapo umbo, kimo na jenereta ndizo hoja halali, wakazi wenye wasiwasi wa afya hujifunza kuzungumza kama wachoraji wa ramani, nayo kampuni hujibu kwa kupaka rangi na kubandika majani ya plastiki. Pande zote mbili hujadili mti. Matokeo yake ni kwamba hofu ambayo huenda ingetulizwa kwa kipimo cha dakika chache hubaki mtaani, ikikua kwa uvumi.

Shinikizo limeongezeka tangu antena ndogo zilipoanza kufungwa kwenye nguzo za taa za barabarani, mita chache tu kutoka madirishani. Agizo la Tume la mwaka 2018 liliweka muda wa siku 60 kwa halmashauri kuamua ombi la kufunga antena ya namna hiyo kwenye nguzo iliyopo, na siku 90 kwa nguzo mpya, pamoja na kiasi cha dola 270 kwa mwaka kinachohesabiwa kuwa ada halali ya kila antena. Mwaka 2020 mahakama ya rufani ya mkoa wa tisa iliafiki ada na muda huo, ila ikatengua baadhi ya masharti yaliyobana uhuru wa miji katika suala la sura ya mitambo. Kwa maneno mengine, miji ilirudishiwa sehemu ya ile hoja ya mti.

Wala viwango vyenyewe havina utulivu unaodaiwa. Vilipitishwa mwaka 1996, na mwezi Agosti 2021 mahakama ya rufani ya Washington iliirudishia Tume uamuzi wake wa kuvibakiza bila mabadiliko, kwa kuwa haikueleza vya kutosha kwa nini ushahidi kuhusu madhara yasiyo ya saratani na kuhusu watoto haukuhitaji uchunguzi mpya. Mahakama haikusema viwango ni hatari. Ilisema Tume haikujibu.

Ufaransa ilianzia katika msimamo unaofanana. Mwezi Oktoba 2011 baraza lake la juu la mahakama za utawala liliamua kwamba meya hawezi kutunga kanuni za antena kwa sababu za afya, kwa kuwa mamlaka hayo ni ya dola. Tofauti ni kwamba huko mkazi anaweza kuomba nyumba yake ipimwe bila malipo kwa kutumia fomu inayopitia chombo kama ofisi ya meya, vipimo hugharamiwa na mfuko unaochangiwa na kampuni za simu, na matokeo hutangazwa hadharani. Sheria ya Marekani haizuii kabisa njia ya namna hiyo, kwani halmashauri zinaruhusiwa kudai uthibitisho kwamba mtambo unatimiza viwango vya Tume. Tatizo ni kwamba uthibitisho huo mara nyingi ni hesabu za mhandisi aliyeajiriwa na mwombaji mwenyewe, zilizofanywa kabla antena haijawashwa. Sharti la kibali linalotaka kipimo baada ya kuwashwa, kifanywe na mhandisi aliyechaguliwa na mji kwa gharama ya kampuni, lingebaki ndani ya mipaka ya Kifungu cha 704 na kumpa diwani kitu cha kumwonyesha mkazi zaidi ya picha ya msonobari.